Maji Yanayoingia na Maji Yanayotoka



Tuliombwa kuandika katika jarida letu la familia kuhusu maji na vyoo vya nyumbani, kabla mvua hazijachanganya. Tulikubali mara moja. Sisi ni walimu wa kujitolea, na somo la maji safi tunalifundisha kila mwaka. Lakini tulipokaa na karatasi tukaona aibu. Majirani zetu wanajua yaliyotupata nyumbani, sasa tungewezaje kuandika kama wataalamu? Basi tumeamua kuwasimulia yenyewe kama yalivyokuwa. Atakayecheka acheke, lakini akimaliza aende akaangalie ndani ya bidoni yake.

Nyumbani kwetu tuko saba: bibi, mama na sisi watoto watano. Bibi na mama walitoka Fizi, Kivu ya Kusini, kando ya Ziwa Tanganyika. Walifika hapa Nyarugusu mwaka 1997, kambi ikiwa na mwaka mmoja tu. Sisi watoto wote tumezaliwa hapa. Ziwa tunalisikia kwa bibi: unashuka na sufuria, unachota, unapanda. Maji machafu unayamwaga nyuma ya nyumba, mchanga unameza, habari imekwisha. Bibi alikuja na desturi hiyo mpaka hapa. Lakini hapa nyumba na nyumba zinatazamana, na udongo wetu mwekundu ukishashiba mvua haumezi tena kitu. Maji ukiyamwaga yanatafuta njia, na njia yake ni kwa mtu.

Mtu huyo kwetu alikuwa mama jirani wa upande wa chini. Ni Mrundi, alikuja pamoja na wale waliofika mwaka 2015. Bafu letu lilikuwa la turubai na miti minne, halina shimo. Tulichora mfereji kwa jembe, maji ya kuoga yakashuka. Kila asubuhi watu saba wanaoga, mama anafua, dada anaosha sufuria, na yote yanateremka kwa mama jirani, yanatulia mbele ya mlango wake. Alikuja mara ya kwanza kwa upole, akasema, "Mwalimu, maji yenu yanalala mlangoni kwangu." Tukasema pole, tutarekebisha. Hatukurekebisha. Akaja mara ya pili. Mara ya tatu alikuja na mvua imeanza, na sisi tulikuwa na hasira zetu za foleni ya bomba, tukamjibu vibaya: "Kama maji yanakusumbua, omba wakuhamishe kijiji."

Alinyamaza, akageuka, akaenda. Tangu siku hiyo salamu zikakatika. Sisi tukaambiana ndani ya nyumba kwamba anatuonea kwa sababu ni wa kabila lingine na nchi nyingine. Mambo ya maji tukayafanya mambo ya makabila. Hiyo ndiyo aibu yetu ya kwanza.

Aibu ya pili ni ya maji ya kunywa. Siku zile maji ya bomba yalikuwa yananuka dawa, ile klorini inayotiwa kuua vijidudu. Maneno yalikuwa mengi kwenye foleni: eti dawa ile inaumiza tumbo, eti inamaliza uzazi. Bibi akakataa kabisa. Alisema, "Hii maji inanuka. Maji ya kweli hainuke." Basi maji ya bomba tukayaacha kwa kufua na kuoga, na ya kunywa tukawa tunayachota kwenye kijito kule bondeni. Yalikuwa baridi, yanang'aa, hayana harufu hata kidogo.

Na sisi walimu tulifanya nini? Sisi ndio tulikuwa tunaandika ubaoni: maji safi hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Watoto zaidi ya mia moja darasani wanarudia kwa sauti moja. Hatukufikiri kwamba kwa maneno hayo tulikuwa tunampa bibi ushindi. Maji ya kijito hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Kwa hiyo ni safi! Ya bomba yana harufu. Kwa hiyo ni machafu! Kumbe vijidudu vya kuhara havionekani kwa macho wala havinuki. Juu ya kijito kile watu wanafua, ng'ombe wanakunywa, na mvua ikinyesha inateremsha kila kilichoachwa porini na wale wasiotumia choo. Harufu ndogo ya klorini kwenye maji ya bomba maana yake ni kwamba mlinzi bado yupo kazini. Maji yasiyonuka hayajakuambia lolote.

Ilikuwa Novemba 2019, usiku wa mvua. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka minne, alianza kutapika jioni. Kufika saa nne usiku alikuwa anahara maji matupu, hatujui tena mara ngapi. Bibi alisema, "Musimupe maji, atazidi kuhara." Sisi tunalijua somo la kuhara. Tumelifundisha. Lakini usiku ule, mtoto akilia bila machozi, elimu yote ilitutoka kichwani, tukamsikiliza bibi. Tukamnyima maji. Macho yake yakaingia ndani. Ukivuta ngozi ya tumbo inabaki imesimama, hairudi upesi.

Hodi iliyobishwa ilikuwa ya mama jirani. Alikuwa amejifunika turubai kichwani, ameshika tochi. Hakusalimia. Alimshika mtoto, akamtazama mdomo, akamwambia mama yetu, "Mama Mwalimu, nipe sukari, chumvi na maji yaliyochemka." Maji yaliyochemka yalikuwepo kwenye chupa ya chai. Akaosha mikono, akapima mbele yetu: maji lita moja, sukari vijiko vidogo vya chai sita, chumvi nusu kijiko, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu, siyo vya kujaza mlima. Akaonja, yasizidi chumvi ya machozi. Akayapooza kwa kuyahamisha kikombe kwa kikombe, akaanza kumpa mtoto kijiko kimoja, anangoja kidogo, kijiko kingine. Mtoto akitapika, anasubiri dakika kumi, anaanza tena. Bibi alikaa kimya pembeni. Kisha mama jirani akasema, "Sasa twende, hii siyo ya kungoja asubuhi." Mtoto akabebwa mgongoni, sisi tukashika chupa na kijiko, anakunywa njiani kwenye mvua mpaka zahanati.

Alitundikiwa maji. Walituambia siyo kipindupindu ila ni kuhara kukali, na kwamba kale kamaji ka sukari na chumvi kalisaidia kumfikisha. Alikaa siku mbili, akatoka na pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki vya siku kumi. Mpaka leo yuko, na yuko darasa la juu sasa, anatusumbua.

Lakini tunataka kuwaeleza kilichosemwa usiku ule kwenye benchi la zahanati. Mama yetu alimuuliza jirani, "Umejifunza wapi?" Akasema, "Kagunga."

Wasomaji wengi mnaijua Kagunga. Ni kijiji kidogo cha Tanzania kando ya ziwa, karibu na mpaka wa Burundi. Nyuma ni mlima, mbele ni maji, na wakati ule gari lilikuwa halifiki. Mwezi wa tano mwaka 2015 makumi ya maelfu ya watu walirundikana pale wakingoja meli ya Liemba iwapeleke Kigoma. Vyoo havikutosha. Watu walijisaidia kando ya ziwa, na ziwa hilo hilo ndilo walilokunywa. Kipindupindu kikaingia. Mama jirani alikuwa na mtoto wa miaka miwili. Alisema, "Asubuhi alikuwa anacheza na vikokoto. Jioni tulimfunika." Kulikuwa na mama mmoja pale aliyekuwa akiwafundisha wenzake namna ya kuchanganya sukari na chumvi, lakini kwake alifika mtoto ameshakwenda. Akanyamaza, halafu akasema maneno ambayo sisi hatutayasahau: "Tangu pale, maji yakilala mlangoni kwangu, mimi silali."

Hakusema kwa kutulaumu. Alikuwa anaeleza tu. Na sisi ndio tuliomwambia aombe kuhama.

Wazee wetu wa Kongo na wa Rwanda wanakumbuka jambo kubwa kuliko hilo. Mwezi wa saba mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kwa siku chache. Kule ardhi ni mawe ya volkano, kuchimba choo ni shida, na maji ya karibu yalikuwa Ziwa Kivu. Ndani ya mwezi mmoja walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Watu hao walikuwa wameikimbia vita na kuvuka mpaka. Kilichowamaliza ni choo na maji kukutana.

Tuliporudi nyumbani tulianza kutafuta kosa. Kijito tukakiacha siku hiyo hiyo, bibi hakubisha. Tukadhani tumemaliza. Lakini baada ya wiki moja bidoni yetu ya maji ya kunywa, ile ya njano ambayo wengine huita dumu, ikapasuka pembeni. Mama akatuambia tuikate juu tutengeneze beseni. Tulipoikata tukaona ndani. Jamani! Kuta zake zote zilikuwa na utelezi wa kijani, ukipitisha kidole unateleza kama ngozi ya kambale, na chini kuna tope jeusi. Kwa nje tulikuwa tunaisugua kila wiki mpaka inang'aa, kwa sababu kwenye foleni watu wanaona nje. Ndani hatukuwahi kuona, maana mdomo wa bidoni ni mdogo, mkono hauingii.

Hapo tukaelewa kwamba hata kama tungechota maji ya bomba yenye dawa, tungeyamwaga ndani ya ule utelezi, na dawa ingeishia hapo hapo. Maji yanatoka bombani yakiwa safi, na sisi tunayachafua kati ya bomba na kikombe.

Siku ya Jumamosi tukafanya hesabu moja. Mashirika mengi ya misaada hufuata kanuni zinazoitwa Sphere, na zinasema mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Sisi tuko saba: lita 105, yaani bidoni tano za lita 20 na kidogo juu. Hesabu hiyo kila mtoto wa kambi anaiweza, maana tumezaliwa tukihesabu bidoni. Hesabu ya pili hatujawahi kuulizwa: bidoni tano zikiingia, ngapi zinatoka? Tulipima kutwa nzima. Ya kunywa na kupika yalikwenda bidoni moja na nusu. Tatu na nusu zilikwenda kwa kuoga, kufua na vyombo, na karibu zote zikatoka nje. Hizo ni lita 70 kwa siku, karibu 500 kwa wiki. Sisi tulikuwa tunapigana foleni kwa ajili ya maji yanayoingia, na yanayotoka tulikuwa tunampelekea mama jirani kila siku bila kumuuliza.

Sasa tueleze tulichofanya, labda itasaidia familia nyingine.

Kwanza ni bidoni. Tunazo za kunywa mbili, tumezifunga kitambaa chekundu, hazibebi kitu kingine. Kila wiki tunatia ndani mchanga safi au vikokoto viganja viwili, maji kikombe na sabuni kidogo, tunafunga, tunatikisa kwa nguvu. Watoto wanapenda kazi hiyo, wanaifanya ngoma. Tunamwaga, tunasuuza mara mbili. Kifuniko kikipotea tunatafuta kingine. Gunzi la muhindi siyo kifuniko. Maji tunayamimina, hatuchovyi kikombe wala mkono. Mwenye ndoo ya mdomo mpana aweke kata yenye mpini mrefu na aitundike, isilale chini.

Pili ni dawa. Harufu ya klorini ikiwasumbua, yaacheni maji usiku ndani ya chombo chenye kifuniko, au yahamisheni chombo kwa chombo, itapungua. Bomba likikatika ukalazimika kutumia maji ya kijito, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, halafu yachemshe mpaka yatokote kabisa. Dakika moja ya kutokota inatosha. Ukipewa vidonge vya kutibu maji, soma karatasi yake, maana vidonge havilingani nguvu, na ngoja nusu saa kabla ya kunywa. Kwenye maji ya tope dawa inashindwa, ndiyo maana unachuja kwanza. Ambaye hana kuni wala vidonge anaweza kujaza maji yasiyo na tope kwenye chupa za plastiki zinazopitisha mwanga na kuzilaza kwenye jua kali saa sita nzima. Siku ikiwa ya mawingu, ni siku mbili.

Tatu ni choo. Choo chetu kilikuwa kinajaa upesi na kunuka, na sisi tulikuwa tunalaumu shimo ni fupi. Kumbe tulikuwa tunamwagia humo maji ya kufua, na mvua nayo ilikuwa inaingia kwa juu. Tulichimba mtaro wa kuzunguka choo upande wa mlimani, tukaacha kumwaga maji humo, tukawa tunatia majivu ya jikoni. Harufu ilipungua sana. Tundu tulilitengenezea kifuniko cha ubao chenye mpini mrefu, kwa sababu inzi anayetoka chooni haendi mbali, anakuja kwenye sahani. Miti ya sakafu tunaikagua kabla ya mvua, maana mchwa hula kwa chini huku juu panaonekana pazima. Kinyesi kikibakiza nusu mita kufika juu, acheni kukitumia, fukieni kwa udongo na mchimbe kingine, kiwe mbali na kisima au chemchemi angalau mita 30. Na kinyesi cha mtoto mdogo kitupwe chooni. Watu husema cha mtoto hakina neno. Kina neno sana.

Nje ya choo tumetundika kibuyu chirizi: kidumu cha lita tatu, tundu dogo, kamba na kijiti cha kukanyagia, sabuni imefungwa uzi. Gharama yake ni kamba tu.

Nne ni yale maji yanayotoka. Tulikwenda kwa mama jirani, bibi akiwa mbele. Bibi ndiye aliyeomba msamaha, sisi tukasimama nyuma yake tunatazama chini. Mama jirani alisema, "Leteni majembe." Tulichimba pamoja upande wetu, mbali na kuta za nyumba zote mbili: shimo la mita moja kila upande na kwenda chini mita moja na nusu. Chini tuliweka mawe makubwa, juu yake vipande vya matofali yaliyovunjika, juu kabisa kokoto. Mfereji wa bafu tukauelekeza humo. Pale maji yanapoingia tumeweka gunia lenye majani makavu ili lishike sabuni na mafuta ya vyombo. Bila hivyo shimo linaziba. Majani tunayabadilisha kila wiki. Maji ya kuosha vyombo tunayagawa, mengine yanakwenda kwenye migomba miwili. Mboga zinazoliwa mbichi hatuzimwagii.

Shimo kama hilo hupunguza pia mbu. Mbu wa malaria hasa hupenda dimbwi lililotulia, kwa hiyo hata pale bombani, maji yanayomwagika yakipewa mfereji na mawe, kijiji kizima kinapona kidogo.

Mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya kambini, siku nikipata safari nitayaacha. Shangazi yetu mmoja alisafiri mwaka 2017, akapelekwa Marekani, nyumba ya ghorofa, maji yanatoka ukutani ya moto na ya baridi. Mwezi wa pili tu alitupigia simu anahangaika. Alikuwa anamwaga mafuta ya mawese na mabaki ya ugali kwenye sinki. Mafuta yakiwa ya moto yanapita, yakifika ndani ya bomba yanapoa, yanaganda, ugali unanasa juu yake. Siku moja maji yakarudi, yakajaa sakafuni, yakapenya mpaka dari la familia inayokaa chini yake. Hakujua hata koki ya kufunga maji iko wapi. Siku hizi anafuta sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, mafuta anayatia kwenye kopo na kuyatupa kwenye takataka, chooni haingii kitu ila karatasi ya choo, na mpira wenye mpini wa kuzibulia anao. Akiingia nyumba mpya, kitu cha kwanza anauliza koki kuu iko wapi. Alituambia akicheka, "Hata huku kuna jirani wa chini."

Basi, ndugu wasomaji, kwa mwenye haraka tunafupisha hivi:

1. Bidoni ya kunywa ioshwe ndani kila wiki kwa vikokoto na sabuni.
2. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa ni salama kuliko ya kijito yanayong'aa.
3. Mtoto akihara msimnyime maji. Mpeni maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, anayenyonya aendelee kunyonya, na mumkimbize zahanati.
4. Choo kiwe na kifuniko, majivu na mtaro wa kuzuia mvua.
5. Kila bafu liwe na shimo lake la mawe. Kabla ya kuchora mfereji, tazama unaelekea mlangoni kwa nani.
6. Jirani akija kulalamika juu ya maji, mpe kiti kwanza umsikilize. Hujui anakumbuka nini.

Ubaoni tumebadilisha sentensi yetu. Sasa tunaandika: maji salama ni yale yaliyotibiwa na kuwekwa kwenye chombo kisafi chenye kifuniko. Na ile bidoni tuliyoikata hatukuifanya beseni. Tulikausha nusu yake, tukaipeleka shuleni. Kila mwaka tunaipitisha darasani, watoto wanachungulia ndani na kusema "yooo!", na kesho yake wazazi wanatulalamikia kwamba watoto wamegoma kunywa maji mpaka bidoni itikiswe. Lalamiko hilo tunalipokea kwa furaha.

Mama jirani alirudi Burundi mwaka 2021. Asubuhi ya kuondoka alizunguka nyuma ya bafu letu, akainua gunia, akachungulia, akalirudisha. Hapigi simu mara nyingi, vocha ni ghali. Lakini akipiga, akishamsalimia bibi na kumuuliza mtoto, anauliza, "Shimo bado linanyonya?" Sisi tunamjibu linanyonya. Na kabla ya kumjibu tunatoka kwanza nje kwenda kuangalia, ili tusimdanganye.